Askari wa Akiba wa Kundurani

Jumamosi, 3 Oktoba 1970
Matrah, Omani. Joto la kukaangia samaki juu ya bati. Nimekwenda kwa Ami Thabit, baba yake Mahfoudha, kujisogeza. Ami alitoka Unguja zamani, akawa askari wa ngome hapa mpaka alipostaafu. Mwanamume asiyewahi kushika bunduki kwake ni pambo la nyumba. Nimemkuta Aflah keshakaa, askari wa kweli, buti zinang'aa, naye anamtaka Mahfoudha vilevile. Ami akaniuliza kazi yangu ya Unguja. Nilisomesha hesabu. Ulimi ukasema: kapteni wa akiba, jeshi la Kundurani. Aflah akauliza hiyo Kundurani iko wapi. Nikasema mbele kidogo ya Ngazija, ukipita haraka huioni. Akainama kufunga buti. Ushindi!

Jumapili, 4 Oktoba
Ami ametaka kujua jeshi letu limepangwaje. Balaa. Nikalipanga papo hapo, jasho linanitoka: kikosi cha bara, kikosi cha pwani, na kikosi cha kulinda jiko la mfalme. Kila kimoja kina akiba yake, yaani wazee waliostaafu, huitwa vita vikizidi. Akauliza kwa nini wazee. Nikasema vijana hukimbia. Wazee magoti hayawaruhusu. Amecheka mpaka kilemba kikamdondoka. Nampenda mzee huyu. Nampenda zaidi binti yake, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya pazia.

Jumanne, 6 Oktoba
Maafa! Ami ameunda akiba ya Kundurani mtaani. Baraza nzima imejiandikisha. Mzee Marhoon, muuza ndimu kavu, amekuja na bakora begani. Kamanda ni mimi. Amri yangu ya kwanza: fanyeni kila afanyalo kamanda. Gwaride Alhamisi. Aflah kaalikwa kukagua.

Alhamisi, 8 Oktoba
Kabla ya gwaride Ami alitumiminia kahawa kwa mkono wake. Kwetu ukishiba unaweka kikombe chini, lakini kahawa ya mkwe mtarajiwa nimeona ni dharau kuiweka chini. Nikanywa, akajaza. Nikanywa, akajaza. Aflah akatikisa kikombe chake kitupu, Ami akampita. Nikadhani mkono unamtetemeka, nikamhurumia. Kumbe hapa usipotikisa kikombe utamiminiwa mpaka uzeeke! Nilipopaza sauti wazee watembee, tumbo likaitika kwanza. Nikatoka mbio kuelekea chooni. Akiba yote, kwa utii, ikatoka mbio nyuma yangu, Mzee Marhoon akiongoza. Aflah alikaa chini kwa kicheko.
Basi, nimemkosa Mahfoudha. Nimelia, sioni haya kuandika.

Ijumaa, 9 Oktoba
Mahfoudha amekuja kumwamkia shangazi yangu ninayekaa kwake, akanisimamisha mlangoni.
"Suud, baba alijua toka siku ya kwanza kama hakuna Kundurani," akasema. "Anasema hajacheka hivyo tangu mama afe. Shangazi yako alete posa. Lakini kwanza wale wazee uwambie kweli, wewe mwenyewe. Nikisikia uongo mwengine, naolewa na Aflah."
Nimeapa. Nitasema kweli, yote, kesho.

Jumamosi, 10 Oktoba
Nimekwenda barazani. Wote wakasimama wima. Mzee Marhoon amejishonea mkanda wa askari.
"Kamanda," akasema, "miaka yote hii hapana aliyeniita kitu ila muuza ndimu."
Nikaanza. Nikasema wazee wangu, kweli ni kwamba jeshi la Kundurani… limevunjwa. Vichwa vikainama. Mzee Marhoon akaanza kuufungua mkanda wake, polepole. Ningefanyaje? Moyo si jiwe. Nikaongeza upesi kwamba akiba yote imehamishiwa kikosi cha wanamaji, na kila mtu amepanda cheo. Furaha! Wameuliza manowari zinafika lini. Nimesema baada ya Idi.
Shangazi anapeleka posa kesho. Mahfoudha akiuliza, nitamwambia kwa kinywa kipana kwamba jeshi halipo tena. Uongo uko wapi hapo? Habari za manowari hajaniuliza.