Muhuri wa "Hana Mzio"

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati ya Kuunda Kamati, Mganga Mkuu, Mfamasia Mkuu, Msaidizi wake na Msaidizi wa Msaidizi wake, makarani wa mapokezi, manesi mlioacha wodi ili mje kunipigia makofi, nanyi wagonjwa wapendwa mliosukumwa pamoja na vitanda vyenu ili ukumbi ujae: nawasalimu kwa unyenyekevu wangu mkubwa, ambao hata mimi mwenyewe hunishangaza. (Makofi.)

Leo mimi, Mkurugenzi wenu, nazindua Mfumo Jumuishi wa Kidijitali wa Utambuzi wa Mzio, yaani chumba chenye mlango ule wa buluu nyuma yangu, ambamo kila mgonjwa anayedhuriwa na dawa fulani ataandikishwa kabla hajaimeza, kwa kuzingatia mikakati, michakato, viashiria, data na hasa maono yangu. (Makofi marefu, mgonjwa mmoja anaamka.)

Twendeni kwenye takwimu. Zamani karani alimuuliza kila mtu, "Kuna dawa inayokudhuru?" na mtu akaanza kusimulia tangu alipoacha ziwa, foleni ikafika getini. Nikabuni muhuri wa HANA MZIO. Tukayagonga mafaili elfu kumi na mbili yakiwa bado matupu stoo, kabla wenyewe hawajaugua. Leo wagonjwa wasio na mzio ni asilimia mia moja! (Vigelegele kutoka meza ya makarani.)

Dada, shusha mkono, maswali baadaye. (Hashushi. Ameolewa wiki mbili zilizopita. Amemshika mumewe, fundi seremala, ambaye midomo imemvimba na jicho moja limefumba. "Baba, mume wangu alimwambia karani penisilini inamdhuru. Akajibiwa, faili linakataa. Asubuhi kameza kidonge kimoja tu, mwone! Na saa nane wanamletea kingine!")

Mwanangu, hongera kwa ndoa. Lakini faili ni waraka rasmi, uso wa mumeo si waraka rasmi. Kitakwimu, hajavimba. (Kicheko. Mume, kwa shida: "Mke wangu, kaa tu, nitavumilia." Mke: "Uvumilie nini, mpenzi? Wiki mbili hizi sijashiba hata kukutazama, leo wakunyang'anye kwa wino wa muhuri?" Kicheko kinakatika.)

Kufuta muhuri, mama, ni suala la Bodi, na Bodi hukutana kila robo mwaka, akidi ikitimia. (Mzee kitandani: "Na sasa hivi ni saa nane kasoro dakika tano!" Sauti nyingi: "Mfungulieni hicho chumba aandikwe! Fungua! Fungua!")

Nasikia hamasa yenu, na muda hautoshi, hivyo nihitimishe. Mzio nje! Takwimu juu! Muhuri mbele! (Bibi harusi amechomoa kalamu mfukoni mwa karani, amemkunjia mumewe mkono wa shati hadi begani, anamwandikia mkononi kwa herufi kubwa: PENISILINI HAPANA. Anapuliza wino ukauke. Fundi anatabasamu kwa upande wa mdomo unaoweza.)

Shukrani za pekee zimwendee mpaka rangi wetu, aliyeuchora mlango ule ukutani kwa ustadi mkubwa, kitasa na tundu la funguo, hata wafadhili walipokuja walibisha hodi. Na shukrani kwa ukuta wenyewe, uliokubali kushiriki. (Nesi wa zamu anaingia na trei. Anasoma faili, anasoma mkono, anautazama uso uliovimba. Anatia kidonge mfukoni na kumwita daktari kwa sauti. Wagonjwa wengine wanaanza kukunja mikono ya mashati: "Dada, mimi salfa." "Bibi harusi, mimi asprini, andika kubwa.")

Dada, kalamu hiyo ni mali ya ofisi! (Foleni imefika kwenye mlango uliochorwa.) Vizuri. Katibu, andika kwenye kumbukumbu: mfumo umeanza kazi, chini ya uongozi wangu, saa nane kamili.