Ubao wa Sangara na Sheria ya Busisi

Jumanne, 1 Agosti 1995

Leo nimeanza kuandika. Mtu mkubwa lazima aandike, wakija kuuliza baadaye wasibabaike. Mimi ni Nkwabi, wa Kigongo, hapa kwenye kivuko. Kusoma nilisomea elimu ya watu wazima, nikawa wa kwanza darasani. Tulikuwa watatu, lakini wa kwanza ni wa kwanza.

Jambo lenyewe ni hili. Nimebuni mchezo. Si bao, si drafti. Ni wangu, umetoka kichwani humu. Ubao wa plaiwudi nimeupaka buluu, ndilo ziwa. Kila mchezaji ana sangara mmoja, kizibo cha soda, na dagaa wake, punje za maharage. Sangara wako anameza dagaa wa mwenzako. Dagaa akivuka salama hadi ng'ambo, anazaa, unaongezewa punje. Mchezo hauishi mpaka mmoja abaki hana dagaa hata wa dawa. Mchezo wa watu wazima, wenye subira. Mara ya kwanza nilicheza na mke wangu Wilhelmina. Tulianza asubuhi. Akainuka kuchota maji, akarudi. Akainuka kupika, akarudi. Akainuka, hakurudi. Nikahesabu nimeshinda.

Wanaosubiri pantoni wanaununua sana. Foleni ndefu, mtu atafanya nini. Leo kapita Mihayo, mwenye duka la jumla kule mjini. Tangu biashara ifunguliwe duka lake lina kila kitu, mabeseni, redio, mpaka maua ya plastiki. Kasimama, kaangalia watu wanavyocheza, kaniambia ubao huu anaweza kuuuza dukani. Utafika Musoma, Bukoba, Shinyanga, popote lori lake linapofika. Na juu yake ataandika NKWABI kwa rangi nyekundu.

Nimekula ugali nimesimama.

Sharti lake ni moja tu. Mbao zote ziwe na sheria moja, ibandikwe nyuma, maana mtu wa Bukoba akikwama hana wa kumuuliza. Nikamwambia sheria ipo moja na mwenyewe ndiye huyu unayemwona.

Alhamisi, 3 Agosti

Nimevuka kwenda Busisi kuona mchezo wangu unavyoendelea huko. Afadhali ningebaki.

Busisi wanacheza kingine. Pantoni ikigusa gati tu, wanasema basi. Wanahesabu dagaa, mwenye wengi kashinda, wanapeana mikono, wanapanda magari. Nimeuliza nani kawafundisha uhuni huu. Wote wamegeuka kumtazama Venant, yule muuza mihogo ya kuchoma.

Venant kaniamkia vizuri, shikamoo mzee wangu, kanipa na muhogo. Huyo ndiye adui mbaya, adui mwenye adabu. Kasema mchezo ni mtamu mno, ila watu wana safari. Kuna dereva wa lori la samaki alikataa kuondoka mpaka dagaa wake wazae, na samaki wa kweli nyuma wakaanza kunuka. Ndipo wakaonelea wapunguze. Nikamwambia mtoto wa mwenzako humnyoi kwa sababu wewe unasikia joto. Kasema ni kweli mzee, lakini mtoto mwenyewe anacheka. Muhogo nimeula. Sikumshukuru.

Nimerudi nyumbani nikiwa na hasira, nakuta mambo mengine. Wilhelmina ana kibanda chake cha chai hapo barabarani. Wateja wameweka ubao wangu mezani, wanacheza mpaka sufuria ichemke. Chai ikichemka, mchezo umekwisha. Hata pantoni hawaihitaji! Nikamuuliza mke wangu kama yeye ni mtu wa Busisi siku hizi. Akasema, huku anamimina, "Baba Rose, nchi nzima imeruhusu vyama vingi. Wewe bado una ubao wa chama kimoja."

Wateja wamecheka mpaka mmoja kaunguza ulimi. Mungu yupo.

Jumamosi, 5 Agosti

Nimepeleka mbao mjini. Kila moja ina sheria nyuma, mwandiko wangu mwenyewe, karatasi nzima juu hadi chini.

Mihayo kazitundika kati ya mabeseni na vyandarua. Jina limeandikwa. NKWABI. Nimeliangalia nikiwa mlangoni. Nikavuka barabara, nikaliangalia. Nikaenda mpaka kwa fundi viatu kule kwenye kona. Bado linasomeka. Fundi viatu nimemwonyesha, kasema haoni mbali. Nikarudi naye mpaka karibu.

Halafu nikakaa kuangalia wanunuzi. Hapo ndipo nilipoona shida ya duka kubwa. Kule kwenye kivuko mtu anauona mchezo kwanza, anazomea, anacheka, anapata hamu, ndipo ananunua. Huku ubao umening'inia kimya kama nguo ya marehemu. Mtu mmoja kauliza unachezwaje. Binti wa duka kageuza, kaanza kusoma sheria. Alipofika pale dagaa wa pili anapozaa, mteja kanunua beseni.

Nikaona nisaidie. Nikamkalisha mteja aliyefuata chini pale mlangoni, nimfundishe. Kuna mwingine kaja kutazama. Na mwingine. Watu wakawa hawapiti. Mihayo kaja mwenyewe, kwa heshima, kaniambia, "Mzee wangu, hapa ni duka, si gati."

Kanipeleka kando kwenye magunia. Kumbe wateja wanaulizia ule wa Busisi, wa kumaliza haraka. Anafikiria kubandika sheria ya Venant. Na kama sheria ni ya Busisi, basi labda jina nalo liwe Busisi. Nikahisi plaiwudi yote ya dunia imeniangukia.

Lakini mimi si mtu wa kukosa neno. Nikasema tufanye jaribio. Jumatano anavuka kwenda Sengerema. Nitacheza na Venant ndani ya pantoni, kwa sheria yangu, tukianzia gati la Kigongo. Mchezo ukiisha kabla hatujagusa Busisi, sheria inabaki yangu na jina ni langu peke yangu. Tukifika haujaisha, wachukue walichotaka. Mihayo kakubali. Kacheka kidogo. Sijui kacheka nini.

Jumatatu, 7 Agosti

Watu wa kawaida wangejifunza kucheza haraka. Mimi nimekwenda kumwona Ndalahwa, nahodha wa pantoni. Baba yake na baba yangu walicheza ngoma kundi moja, Bagalu wote wawili. Nimempelekea sangara wa kukausha. Si rushwa, ni undugu.

Nikamwomba Jumatano apeleke chombo taratibu. Kasema pantoni ile akipunguza zaidi itarudi nyuma. Nikasema hata kidogo tu, kama mtu anayebeba mayai. Kamnusa samaki. Kasema atajitahidi.

Venant hajui kitu. Leo kanitumia salamu na mihogo. Masikini.

Jumatano, 9 Agosti

Nilishinda. Naandika hivyo kwanza. Maelezo yanafuata.

Tulipanda. Mimi na Venant tukakaa chini kati ya lori la pamba na basi, Mihayo juu ya gunia, anatazama. Ndalahwa kaenda kama tulivyoelewana. Abiria wakaanza kuuliza kama nahodha anaumwa. Mimi nimeinamia ubao, nameza dagaa. Mpaka katikati ya ziwa mimi ndiye niliyekuwa mbele, dagaa wa Venant walikuwa wa kuhesabika kwa vidole.

Sasa upepo ukageuka. Magugu maji yakaja kama shamba linalotembea, na kwa kuwa tulikuwa tunakwenda polepole hivyo, yakatufikia. Yakatuzunguka pande zote. Injini ikakohoa, ikazimwa. Ndalahwa kachungulia kutoka juu, kanitazama mimi, hakunitaja. Mwanaume.

Mwanzoni nilifurahi. Muda tele. Venant kasema taratibu kwamba kama tungekuwa tumefika, kwa sheria ya Busisi mzee angekuwa kashinda. Nikamwambia asinitajie sheria ya Busisi mbele ya watu. Akasema haya. Akasogeza dagaa wake, akafika ng'ambo, akazaa. Kisha mwingine. Akawa na ukoo. Jua linapiga, dagaa wake wanazaa kama panya, na sangara wangu anazunguka tu kama mlevi.

Abiria wakachoka kukaa. Mama mmoja, Paskazia, muuza samaki wa Busisi, kaona nina mbao nyingine kwenye kikapu. Kanunua, kakaa na wenzake. Baada ya muda nasikia vicheko. Kumbe kachuma jani la magugu maji, kaliweka juu ya kizibo cha mwenzake, kasema sangara wako kakwama, hatoki mpaka utupe punje mbili. Pantoni nzima ikapenda. Mbao zangu zote zikaisha. Kila aliyenunua aliulizia jani. Sheria zangu nyuma walizibandua, wakazikunja, wakajipepea.

Mwishowe Venant kameza dagaa wangu wa mwisho. Kwa sheria yangu mwenyewe, bila jani. Kasema pole mzee, ni bahati tu.

Lakini tazama. Mchezo umekwisha, na Busisi bado haijaguswa! Nikasimama, nikamwamsha Mihayo, maana alikuwa kalala, nikamwambia ameshuhudia. Sheria yangu imetimia kabla ya gati. Jina ni langu.

Mihayo kafuta jasho. Kaangalia magugu, kaangalia ubao. Akasema, "Mzee Nkwabi, mimi sina magugu maji ya kuuza pamoja na kila ubao."

Tulifika jioni, tukivutwa kwa kamba.

Ijumaa, 11 Agosti

Mihayo kaja Kigongo mwenyewe, kanywa chai ya Wilhelmina. Kaamua nyuma ya ubao pabaki wazi. Busisi wacheze kwa gati, Kigongo kwa sufuria, Paskazia kwa jani, na Bukoba wataona wenyewe. Anasema kumbe ndicho kinachouza. Kila mahali wanaweka chao, kisha wanauona ni wao.

Na jina? Venant alikuwepo. Mihayo alitaka kuandika lake, yeye akakataa. Kasema ubao ni wa mzee, sisi tumeuongezea chumvi tu. Kwa hiyo Mihayo ananiambia, NKWABI kwa nyekundu, mpaka Bukoba, nikikubali tu nyuma pawe wazi.

Wilhelmina kaacha kumimina. Wote wananitazama.

Nikakataa. Ubao usio na sheria yangu hauna jina langu. Nikaondoka kwa heshima zote, nikajikwaa kwenye benchi, nikaendelea.

Sasa Venant ndiye atakayetengeneza mbao za duka. Hazitakuwa na jina. Wateja wakiuliza nani kabuni, wataambiwa mzee mmoja wa Kigongo. Mzee mmoja! Wilhelmina hakunisema. Kanipakulia samaki mzima, kichwa na mkia, kasema, "Kula, mzee mmoja."

Jumapili, 13 Agosti

Nimetoka kanisani. Nimesikia kule Pasiansi sasa wanacheza mpaka ugali uive, na Kisesa wana sangara wawili wawili. Nimewahurumia.

Nimekaa nimefikiri vizuri. Kosa nimeliona, na si langu. Sheria yangu haina tatizo hata kidogo. Tatizo ni kivuko, ni kifupi. Mchezo mkubwa unataka safari kubwa. Treni ya kwenda Dar es Salaam, hiyo ndiyo njia. Watu wanalala humo, wanaamka, bado wamo, hawana pa kwenda. Tena ina mabehewa mangapi! Ni kubwa kuliko duka la Mihayo.

Nimeshaanza ubao mpya, mkubwa kama mlango. Kwa kweli ni mlango, wa banda la kuku. Dagaa ni mara mbili, na kila anayezaa anazaa mapacha. Mchezo utaanza Mwanza na kuisha wanapoona bahari.

Wilhelmina kaniuliza ikitokea treni imefika kabla mchezo haujaisha itakuwaje. Mara chache anauliza swali la maana.

Nimeanza kuulizia dereva wa treni ni mtu wa wapi.