Kapteni Radi na Mnara wa Watu

Jumatatu, 18 Oktoba
Nimefukuzwa mazoezini tena! Mimi, Kapteni Radi, mtu pekee hapa Riudolç mwenye joho na uwezo wa kupaa! Baldiri, mkuu wa kikundi cha minara, ile ya watu kusimama mabegani mwa wenzao ghorofa juu ya ghorofa, kanipasha mbele ya watu kwa jina langu la nyumbani: “Mnara wa watu haujengwi na mtu asiyeweza kuanguka, Eudald, nenda kaokoe paka.” Paka nimeshaokoa wote. Wengine mara mbili. Nataka shati la kijani la kikundi, basi.

Jumanne, 19 Oktoba
Situlii. Nimezunguka kanisa angani mara kumi na nne. Padri kalalamikia vigae vyake. Mpango: masharubu ya bandia, na jina la binamu yangu wa Lleida. Mama anauliza kwa nini nisicheze domino kama watu.

Alhamisi, 21 Oktoba
Wamenasa! Remei, anayewapanga watu wa msingi, hakunitambua. Kanibana nyuma ya mwokaji mikate. Akaniagiza: “We mgeni, sukuma, kanyaga chini, na usitazame juu.” Mambo matatu tu! Shati ninalo. Nimekula nalo chakula cha jioni; tayari lina doa la nyanya.

Jumapili, 24 Oktoba
Balaa. Sikukuu, mashindano ya minara uwanjani, ghorofa nane za watu, zumari zinalia. Mara mnara ukaanza kutetemeka. Nikatazama juu. Nani asingetazama? Nikainua. Kidogo tu! Kumbe nimeinua wote, watu mia tatu na mwokaji, shubiri moja kutoka ardhini. Hakuna aliyeanguka! Waamuzi wakainama, wakapitisha gazeti chini ya nyayo zetu, wakaufuta mnara: usiogusa ardhi hauhesabiwi. Ushindi wakapewa wapinzani wetu wa mji wa jirani. Masharubu yakadondoka mbele ya kila mtu.

Jumatatu, 25 Oktoba
Baldiri kaja kuchukua shati. Hakufoka, afadhali angefoka. “Babu yangu alivunjika mbavu kwenye minara hii, na baba vilevile,” kasema. “Tunapanda huku tunaogopa, Eudald, ndiyo maana tunashikana. Jana hukutuachia hata hofu yetu.” Nimelia, sioni haya kuandika. Mama kanipa supu, kasema mwenye masikio amesikia.

Nimesikia! Nimetafakari kutwa, na kosa langu nimeliona. Niliacha mwanya chini ya nyayo. Mwakani nitainua na uwanja wenyewe.