Kuombolezwa Kwangu Kabla ya Wakati

Mabatini, Mwanza

Ndugu Mratibu wa Kituo cha Sanaa cha Jioni,

Shikamoo kama umenizidi umri. Kama hujanizidi, pokea salamu za kawaida. Mimi ni Revocatus Ngosha, fundi baiskeli wa hapa Mabatini, baba yake Dorcas aliye kwenye kundi lenu la maigizo. Nakuandikia kwa heshima zote kuomba kituo chako kifungwe. Sina ugomvi na mtu. Nina malalamiko, nayo nimeyapa namba ili usije ukayaruka.

1. Zamani watoto wetu wakitoka shule walizurura mwaloni, kule ziwani mitumbwi ya samaki inakoshusha, wakarudi jioni na matusi mapya, nasi tukaishi kwa amani. Mkaja ninyi na ngoma, rangi na maigizo ya bure. Mkampa Dorcas nafasi ya binti aliyefiwa na baba, na mwalimu wenu Getruda akamwambia akajizoeze kulia nyumbani. Akajizoeza. Wewe ni mtu wa huku, unajua kwamba kilio kikisikika hakuna anayeuliza nani kafa. Kuuliza ni utovu wa adabu. Mtu anajifunga kanga, anabeba kuni, anaingia analia, habari ataipata humo humo. Dorcas alipoona akina mama wanaingia wakilia, alidhani mmewatuma ninyi kumsaidia mazoezi, akaongeza sauti. Mke wangu alirudi kutoka sokoni akakuta msiba kwake. Naye ana adabu zake, hakuuliza. Alijitupa chini na nyanya zake.

2. Mimi nilifika jioni, nikakuta wanaume wamekaa kwenye mabenchi nje ya nyumba yangu, wameinamisha vichwa. Nikavua kofia nikakaa. Nilijua ni mama mkwe wangu wa Sengerema, maana ameugua muda mrefu. Wakasema marehemu alikuwa mbishi, nikaunga mkono. Wakasema marehemu alikuwa mgumu wa kucheka, nikaunga mkono hilo pia, tena kwa mfano. Nikapangwa kwenye kundi la kuchimba kaburi, nikakubali. Hakuna aliyenitazama usoni, kwani msibani watu hutazama chini.

Ndipo nikamsikia Dorcas ndani akimlilia baba yake. Ndugu Mratibu, alilia kwamba baba alikuwa akirudi na harufu ya grisi, na harufu hiyo ikishaingia ndani yeye anajua hakuna baya litakalompata. Alilia kwamba baba alimshonea viatu kwa kipande cha tyubu, akavionea aibu mbele ya wenzake, na hakuwahi kusema asante. Mambo ya ndani ya familia, mbele ya mtaa mzima. Nilibaki nimekaa na kofia yangu mkononi mpaka akamaliza. Sitaki kuongeza neno hapo.

3. Nilipojitokeza, sikupokewa vizuri. Mama Wilhelmina, mwenyekiti wa jumuiya yetu, alisema maji yakimwagika hayazoleki, machozi ndiyo kabisa, na ugali umeshasongwa. Wengine walikuwa wamefunga maduka yao kwa ajili yangu. Ikaamuliwa msiba uendelee mpaka chakula kiishe. Nikaombwa kutoa neno la shukrani kwa niaba ya familia, nikatoa. Kwaya iliimba wimbo wa kuaga ikinitazama mimi, na nisipowatazama wanasema najivuna.

4. Tangu siku hiyo biashara imelegea. Wateja wanachukua baiskeli zao zikiwa nusu nusu, wanasema hawana hakika nami. Kanisani niliombewa pumziko la milele, na nilipokwenda kulalamika niliambiwa sala njema haina hasara. Kaka yangu wa Nansio alipata taarifa, akapanda kivuko, akachukua koti langu la sikukuu. Nilimpigia simu mwenyewe, kwa sauti yangu hii hii. Akanipa pole ya msiba, akasema koti limeshamkaa vizuri.

5. Hili ndilo kubwa. Mmeharibu misiba ya watu. Mtaa wa pili alifariki mzee, Mungu amrehemu, wanawe wakamlilia kadiri ya uwezo wao. Watu wakaguna. Wakasema kwa fundi baiskeli, ambaye hata hakufa, kilio kilikuwa kizuri zaidi. Wakaja kumwomba Dorcas akawasaidie. Mkiendelea hivi, maskini wa Mabatini tutaogopa kufa kwa kukosa msanii wa kutulilia, na mtu asiyeweza kufa kwa uhuru nyumbani kwake ana uhuru gani?

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Dorcas ahamishiwe kwenye kuchora, kazi isiyo na sauti. Baba wa kwenye igizo apone. Kama lazima mtu afe, afe mjomba. Nipewe barua yenye mhuri kwamba mimi ni mzima, niitundike kibandani. Kisha kituo kifungwe. Na hiyo safari ya Jumamosi ya kwenda kuonyesha igizo Nansio, Dorcas hatakwenda. Mwenyewe nimeshamwambia. Hakubisha, alivua tu viatu akaingia kulala bila kula.

Nisalimie walimu wote, mlinzi wa getini, wapiga ngoma wadogo kwa wakubwa, na yule mama anayewapikia watoto uji, ambao kusema kweli ni mzuri.

Wako mtiifu, nikiwa hai,
Revocatus Ngosha

Nyongeza: Barua hii nilikuwa nimeshaifunga. Leo asubuhi Mwalimu Getruda alileta baiskeli yake kuzibwa pancha, nikamuuliza maneno ya kile kilio aliyaandika nani. Akasema hakuna aliyeyaandika, kila mtoto aliambiwa alie kwa maneno yake mwenyewe. Nyumbani Dorcas huniambia shikamoo, nami humwitikia marahaba, basi, mazungumzo yetu yamekwisha. Kwa hiyo Jumamosi atakwenda, nami nitapanda naye kivuko. Kituo msikifunge. Ila nasikia mtoto anayeigiza maiti anapiga chafya. Naomba nafasi hiyo nipewe mimi. Nitalala kimya mpaka Dorcas amalize kusema.