Rangi Tatu za Ajansi

Jumatatu, 7 Oktoba

Mama Léocadie, mwenye ajansi yetu ya kutuma vifurushi kwa boti, ameniita ofisini. Hakupiga kelele. Nimeogopa sana. Shefu anayepiga kelele ana hasira tu; anayeongea polepole ana mpango.

Amesema vifurushi vya kisiwa cha Idjwi vimefika tena bandari ya Minova. Amesema napanga mizigo haraka mno, sisomi anwani, sipendi kuuliza. Majaribio yangu yanaisha Jumamosi, ndipo ataamua kama nabaki. Nisipobaki, narudi Kibati kwa shemeji yangu, kulima viazi na kusimangwa kila nikichota chumvi.

Ukweli nauandika hapa tu. Nasoma, lakini kwa mateso. Majina yaliyoandikwa kwenye vifurushi hayatulii. Herufi zinasukumana kama wateja mbele ya dirisha letu. Kuandika ni nafuu, herufi zangu mwenyewe zinanitii kidogo. Mwandiko wangu ni mbaya, na hilo ni jambo jema. Mtu akiiba daftari hili hataambulia kitu.

Nani amenichongea? Umutesi anayepokea wateja dirishani, bila shaka. Anaandika anwani kwa mwandiko mzuri kupita kiasi. Wa nini uzuri wote ule?

Mpango: kesho navaa miwani iliyovunjika.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimenunua miwani sokoni Birere, nikaikanyaga mara mbili, nikaingia kazini nikipapasa ukuta. Nikasema bila miwani sioni kitu. Umutesi akasema pole. Pole! Hajawahi kunipa pole.

Mama Léocadie alinipandisha pikipiki, akanipeleka mwenyewe kwa daktari wa macho. Hilo sikulipanga.

Daktari alinionyesha picha ndogondogo ukutani. Nikajisahau. Nikamtajia zote, hata mdudu aliyekuwa akipita kando ya picha ya mwisho. Akasema macho yangu ni ya kipanga. Kisha akacheka na Mama Léocadie kwa sauti ya chini. Wanaimba korali moja! Mtandao wao ni mpana kuliko nilivyodhani.

Wakati wa kurudi, Mama aliniuliza kama shuleni nilipenda kusoma. Nikajibu nilipenda mpira. Alitikisa kichwa taratibu.

Jumatano, 9 Oktoba

Mpango mpya. Huu ni wa akili kubwa!

Nimeomba vitambaa chakavu kwa fundi cherehani. Kila kifurushi kinafungwa utepe: buluu ni Bukavu, kijani ni Idjwi, nyekundu ni Minova. Umutesi namwambia asome kila anwani kwa sauti, eti namkagua kama ameandika vizuri. Anasoma, nafunga. Hakuna herufi hata moja iliyonigusa. Siku nzima, kosa hakuna. Hata mzee Harelimana, anayesukuma mizigo yetu hadi bandarini kwa chukudu yake ya mbao ya magurudumu mawili, amemaliza mapema akaenda zake akipiga mluzi.

Mama Léocadie amenisifu mbele ya watu. Kwa nini mbele ya watu?

Halafu jioni, pigo. Umutesi ameshika kifurushi cha Idjwi na kunipa utepe wa kijani kabla sijauomba. Akatabasamu. Amevumbua siri yangu! Leo anajua rangi, kesho atajua sababu, keshokutwa kiti changu ni cha binamu yake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sitalala kabla sijapata dawa yake.

Alhamisi, 10 Oktoba

Dawa: nimegeuza rangi. Leo kijani ni Minova, nyekundu ni Idjwi. Sijamwambia mtu. Umutesi alipolaza mkono kwenye kijani, nikachukua nyekundu nikamtazama usoni. Alichanganyikiwa kabisa. Raha iliyoje!

Ametaka kujua kwa nini. Nimemwambia afanye kazi yake.

Vifurushi viwili vikubwa leo, vitenge vya sare vyote. Kimoja cha harusi ya Idjwi, vya njano vyenye maua. Ukoo mzima utavaa hivyo Jumamosi. Kingine cha matanga ya Minova, vyeusi. Nimevifunga kwa uangalifu mkubwa. Mzee Harelimana amevipeleka botini.

Nimekula vizuri na kulala kidogo mchana.

Ijumaa, 11 Oktoba

Simu zimeanza alfajiri.

Minova wafiwa wamefungua kifurushi wamekuta maua ya njano. Idjwi, bibi wa bwana harusi ameona kitambaa cheusi, akaketi chini, akasema ndoa hii haitafungwa, mtu anatabiriwa kifo. Wazee wamegawanyika. Bibi harusi analia.

Nani amefanya hujuma? Nimemkamata mzee Harelimana getini. Akajibu kwa upole kwamba yeye hajui kusoma, anapakia kwa rangi zangu: kijani boti ya Idjwi, nyekundu boti ya Minova, kama juzi. Mabaharia nao wanazijua. Bandari nzima ilishajifunza rangi zangu na kuzipenda! Mimi peke yangu ndimi niliyezigeuza.

Mama Léocadie amefunga mlango. Nikajiandaa kutukanwa. Badala yake amesema neno kwa neno: “Élisée, usinifiche. Niko na mudogo yangu, herufi zinamusumbuaka vile vile. Ile haiko ujinga, iko na jina, dyslexie. Macho iko muzuri, akili iko muzuri. Lakini jana ulificha kazi, na watu wamelia. Hiyo ndiyo nakukatalia.”

Tangu shule ya msingi naitwa mvivu. Hakuna aliyewahi kuniambia tatizo langu lina jina. Niliangalia viatu vyangu mpaka nikavijua vizuri.

Kisha akanitia kwenye boti ya kasi nikarekebishe mwenyewe. Minova wafiwa walinipa chai na hawakuniambia neno, jambo lililoniuma kuliko matusi. Idjwi walinipa matusi na hawakunipa chai. Shangazi wa bwana harusi alinisimamisha juani, akanisema mimi na ukoo wangu wote. Bibi wa bwana harusi aliyagusa maua ya njano, akayanusa, ndipo akaruhusu ndoa iendelee.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimebaki! Si kazi ya kudumu bado: miezi mitatu mingine ya majaribio. Mama Léocadie ametoa masharti. Umutesi atanisomea anwani kwa sauti, bila kisingizio cha kukaguliwa. Nisipoelewa, niulize. Na rangi zangu zimekuwa za ajansi: zimepakwa ukutani, buluu, kijani, nyekundu, kila mteja azione. Zisiguswe na mtu.

Nimefurahi hadi nikamshika mzee Harelimana mkono mara mbili.

Baadaye Mama ameniambia kwamba Umutesi ndiye aliyenitetea tangu Jumatatu. Alimwomba anipe muda, akasema nina akili ila kuna kitu kinanisumbua.

Sijapata usingizi kwa sababu ya maneno haya. Ananitetea ili apate nini?

Jumapili, 13 Oktoba

Misa ilikuwa ndefu, nimefikiri vizuri.

Kwanza, akili ilikuwa yangu, sasa iko ukutani bila jina langu. Pili, ajansi ya jirani dirisha lao linatazama ukuta huo huo. Tatu, Umutesi alinisalimia kanisani kabla sijamsalimia.

Mama Léocadie ni mtu mwema, nakiri, na nitamheshimu daima. Ndiyo maana lazima nimlinde. Funguo za getini ninazo mimi. Rangi imebaki kidogo kwenye kopo. Kesho nitafika kabla ya wote na kubadilisha mbili tu, buluu na kijani, nione ni nani atakayeshtuka wa kwanza. Huyo ndiye jasusi.