Gurudumu la Mwalimu

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata! Siri ya ruleti, ule mchezo wa gurudumu kule kasino, ni nidhamu tu. Weka nyekundu. Ukiliwa, weka mara mbili. Ukiliwa tena, mara mbili tena. Siku nyekundu ikitoka, zote zimerudi na faida juu. Na bado watu wanaziba pancha! Mimi mmoja wao, lakini si kwa muda mrefu.

Jumanne, 4 Machi
Nimeunda ruleti ya mazoezi. Gurudumu la baiskeli ya mwalimu, aliyoniletea niitengeneze, limening'inia kwenye stendi. Karatasi nyekundu na nyeusi kwenye spoki, msumari chini wa kuonyesha. Nimezungusha asubuhi nzima. Nyekundu tupu! Mwalimu akaja kuulizia baiskeli. Nikamwambia mvumilivu hula mbivu. Akaondoka kwa miguu. Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi baiskeli kama mimi, alisimama akatazama, akacheka peke yake. Wivu huo.

Jumatano, 5 Machi
Mke wangu anaweka akiba ya cherehani kwenye kopo la majani ya chai, juu ya kabati. Anashona kwa mkono, vidole vimejaa matundu. Roho inaniuma. Ndiyo maana nimelichukua kopo. Atapata cherehani mbili. Sijamwambia, nataka kumshtua.

Alhamisi, 6 Machi
Nyeusi. Nyeusi. Nyeusi. Nidhamu sikuiacha, nikaongeza dau. Nyeusi. Kopo kwisha. Mchezeshaji wa kasino akaniuliza kwa adabu kama nacheza au natazama. Nikasema natazama.

Ijumaa, 7 Machi
Mke wangu ameshtuka kweli. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba nikiligusa tena kopo lile, anahamia kwa kaka yake, kisha akaendelea kushona. Afadhali angenitukana. Shemeji akaja kupatanisha. Akalizungusha gurudumu, akanionyesha valvu, pale tunapojazia upepo. Ndio upande mzito, lazima usimame chini. Na nyekundu nimeibandika papo hapo! Akauliza fundi mzima nilisahauje. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumamosi, 8 Machi
Sijalala kwa furaha! Shemeji hajui alichonipa. Kama gurudumu la mwalimu lina upande mzito, la kasino nalo linao. Kazi ni kuujua tu. Mtaji nao nilikuwa nao: nimemuuzia shemeji pampu yangu. Mjanja yule, pesa akampa dada yake, zikaingia kwenye kopo. Si neno. Kopo ni lile lile, na kabati ni lile lile.