Sekunde Ishirini na Tatu

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Leo nimekuwa mtunzi wa muziki. Si mimi niliyesema. Kasema binti yangu, tena mama yake akisikia.

Filamu yake ya kuhitimu chuo imekamilika, imebaki muziki. Kanifuata dukani, katikati ya saa thelathini na nane zinazosubiri wenyewe, akaniuliza kama bado nakumbuka kupiga kinanda. Kama nakumbuka! Ujana wangu wote nilipiga kinanda kwenye harusi za watu. Nikamwambia amefika mahali penyewe.

Masharti: dakika nne na sekunde kumi, sehemu ya mwisho ya filamu. Usipungue, usizidi. Uwe muziki mpya ambao haujasikika popote, maana mwalimu wao akigundua wizi anafelisha. Ukabidhiwe Ijumaa saa sita mchana. Jumamosi filamu zinaonyeshwa ukumbini. Na Jumatatu ijayo Binti anapanda basi kwenda kuanza kazi mji mwingine, safari ya siku nzima. Hilo la mwisho alilitaja kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani. Mimi nilijifanya natafuta skrubu chini ya meza.

Niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma. Mahafali yake ya chekechea nilifika wakikunja viti. Mashindano yake ya kuogelea nilimkuta ameshakauka. Fundi saa mzima, na sijawahi kufika kwa wakati kwenye jambo lolote la mtoto huyu. Safari hii nitakuwemo ndani ya filamu yenyewe. Hata nikitaka kuchelewa sitaweza.

Kuna dosari moja. Shemeji, kaka wa mke wangu, kajitolea kupiga gitaa. Binti kasema mjomba atakaa akiba, endapo. Nikauliza endapo nini. Akaangalia simu yake.


Jumanne, tarehe 4 Juni

Kazi imeisha kabla ya kuanza. Mbona nilishatunga zamani! Upo muziki niliompigia mke wangu nikimchumbia, miaka ishirini na sita iliyopita, nyumbani kwao, wazazi wake wakiwa chumba cha pili. Baada ya muziki ule alikubali. Nikatoa kinanda uvunguni, nikapangusa vumbi, nikaupiga mwanzo hadi mwisho. Vitufe viwili havitoi sauti, lakini si vya muhimu.

Mke wangu alikuwa anakunja nguo. Akaacha kukunja. Nikajua umemgusa.

Akasema, kwa upole kabisa, Binti asiutumie. Nikauliza sababu. Akasema ni muziki wa redio, ule uliokuwa unatangulia matangazo ya vifo. Nikabisha. Akauimba kwa pua, halafu akaunganisha kwa sauti ya mtangazaji: ukoo wa fulani unasikitika kuwatangazia. Vinyweleo vikanisimama. Ni wenyewe, hata pale pa kupumua.

Kumbe nilimposa mtoto wa watu kwa matangazo ya vifo.

Nikamuuliza mbona miaka yote hiyo kanyamaza. Akajibu kwamba siku ile mikono yangu ilikuwa inatetemeka sana, akawa anaitazama mikono, muziki hakuusikiliza. Kisha akaendelea na nguo zake. Nikabaki sijui nifurahi au nizikwe.

Jioni Shemeji kapita na gitaa lake, kaling'arisha mpaka unajiona. Nikaona uzi mmoja unalegea. Nikamwambia kitu kama hiki kinataka fundi wa vitu vidogo vidogo. Akaniachia. Nikamwandikia tiketi kama mteja yeyote. Akauliza afuate lini. Nikampa jibu la mafundi wote: njoo kesho.


Jumatano, tarehe 5 Juni

Nimeitazama filamu kwenye kompyuta ya Binti. Dakika tisa. Bibi mmoja anashuka ngazi akiwa na kifuniko cha sufuria alichoazima kwa jirani wa chini. Anabisha hodi. Jirani amehama, chumba kitupu. Bibi anapanda ngazi tena na kifuniko chake, anakaa, basi. Bibi mwenyewe ni mama mkwe wangu, hajawahi kuigiza maishani. Muziki unaanza anapogeuka kupanda.

Nilisema vumbi limeniingia machoni. Binti akanipa leso bila kuuliza.

Nimetunga tuni tatu leo, zote nikampigia mke wangu jikoni. Ya kwanza kasema tangazo la sabuni. Ya pili wimbo wa watoto wa kuruka kamba. Ya tatu vifo tena, ila nimevikimbiza.

Nikabadili mbinu. Nikamshauri Binti aongeze ghorofa moja, bibi apande zaidi, nipate nafasi ya kujinyoosha kimuziki. Kasema jengo lina ghorofa tatu tu, Baba. Vijana wa siku hizi hawana ubunifu.

Shemeji kaja kufuata gitaa. Njoo kesho. Nimelifungua lote, nimesafisha, nimefunga nusu. Imebaki skrubu moja ambayo sijui imetoka wapi.


Alhamisi, tarehe 6 Juni

Nimekwenda kwa mama mkwe, ghorofa ya tatu, na mpango mzuri. Asingizie goti, aombe filamu irudiwe, apande polepole zaidi. Namheshimu mama mkwe, hivyo nilizunguka sana kabla ya kufika kwenye hoja. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema goti halihitaji kusingiziwa, linauma kweli, na kama nimekosa kazi nimfuate nimbebee ndoo ya maji kutoka chini.

Nikabeba. Yeye mbele, mimi na ndoo nyuma. Hatua mbili, anapumzika. Mkono kwenye ukuta. Hatua mbili, anapumzika. Kwenye kona anashusha pumzi ndefu, halafu hatua tatu za haraka, kama mtu aliyekumbuka kaacha jiko linawaka. Nilihesabu hadi juu. Nusu ya maji ilinimwagikia miguuni na sikujali.

Mlangoni nikaona kifuniko chenyewe, kimetundikwa msumarini. Nilidhani ni mambo ya filamu tu. Kumbe ni kweli, jirani alihama bila kuaga, miaka minne sasa. Mama mkwe akafuata macho yangu.

"Na huyu mtoto akishaondoka," akasema, "wewe utapanda kunisalimia?"

Nikamwambia, kesho. Ulimi umezoea kazi. Nikaona haya, nikarekebisha, nikasema nitapanda, Mama, nitapanda. Akacheka na kunifukuza.

Nikakimbia nyumbani na viatu vyangu vya maji. Noti mbili, kimya. Noti mbili, kimya. Kwenye kona noti moja ndefu, halafu tatu za haraka. Nikaipiga tuni yote bila kuinua macho. Nilipoyainua mke wangu kasimama mlangoni.

"Hii siijui," akasema.

Miaka ishirini na sita ya ndoa, hajawahi kunisifu hivyo.


Ijumaa, tarehe 7 Juni

Siku ya kurekodi. Dukani, maana nyumbani jirani ana kuku. Tatizo saa thelathini na nane zote zinagonga. Nimezisimamisha moja moja tangu asubuhi. Duka lilinyamaza, nikahisi kama kuna mgonjwa ndani. Nikaacha moja tu, saa ya ukutani yenye mshale mkubwa wa sekunde, inayotazamana na kinanda, ili nipime dakika nne na sekunde kumi bila makosa. Mlio wake umeingia kidogo kwenye muziki. Si neno.

Nimepiga mara tisa. Mara ya tisa mshale ulipogusa sekunde ya kumi na mimi nikainua kidole. Sawasawa! Nikapeleka chuoni kwa miguu, mbio, saa sita kasoro dakika nne.

Binti akauweka kwenye filamu. Bibi akapanda, muziki ukapanda naye, hatua kwa hatua, hata kwenye kona. Binti akaniwekea mkono begani. Bibi akakaa. Picha ikazimika.

Muziki ukaendelea. Nikakohoa ili kuufunika. Ukaendelea tu. Sekunde ishirini na tatu za ziada, kompyuta haina aibu, inaonyesha kila kitu.

Nimerudi dukani, nikapanda kiti, nikasoma tiketi iliyoning'inia nyuma ya ile saa. Mwandiko wangu mwenyewe. "Inachelewa dakika tano kila saa. Itengenezwe." Iliandikwa mwezi wa tatu.

Nilimwambia Binti akate. Nilimwambia hata amtafute mjomba wake, na hapo nikakumbuka gitaa la mjomba wake liko kwenye sinia, vipande vipande, kwangu. Akasema niende nyumbani nikale, yeye ataangalia. Sikula. Muziki wangu wa kwanza wa kweli, na ni lazima ukatwe mguu. Mbaya zaidi, nimemharibia mtoto siku yake, na safari hii hata sikuchelewa kufika.


Jumamosi, tarehe 8 Juni

Niandike taratibu.

Filamu ya Binti ilipangwa ya kwanza, saa kumi kamili alasiri. Mke wangu na mama mkwe walitangulia saa tisa, wakanisihi tuongozane. Nikakataa. Nilikuwa nimeamua kuingia ukumbini dakika tatu baada ya wakati, kama wanavyoingia watunzi, watu wageuke waulize ni nani yule. Dakika tatu tu. Nimepiga pasi shati mara mbili.

Muda nilipimia ile saa ya ukutani. Niliitengeneza asubuhi kwa mikono yangu. Nisipoiamini kazi yangu, nani ataiamini?

Ilikuwa imechelewa dakika sita.

Nimefungua mlango wa ukumbi, na papo hapo picha ikazimika. Giza tupu. Dakika tisa zimekwisha. Nikasimama pale na shati langu, nikajua nimefika wakikunja viti tena.

Halafu nikasikia. Noti mbili, kimya. Noti mbili, kimya. Na nyuma yake ile saa, tak, tak, ikijivuta. Hakuna aliyekohoa, hakuna aliyeinuka. Ukumbi mzima ulikaa gizani na muziki wangu, hadi hatua ya mwisho, mpaka nikainua kidole peke yangu mlangoni. Ndipo yakatokea maandishi meupe: Muziki, Baba.

Watu wakapiga makofi, taa zikawaka. Shemeji alikuwa ameniwekea kiti, kakitandika koti lake. Mama mkwe alikuwa analia na kuwaambia watu aliokaa nao kwamba goti lile ni la kweli. Binti akanifuata mlangoni. Nikaanza kueleza habari ya saa, na pasi, na dakika tatu. Hakunisubiri nimalize.

"Nilijua utachelewa, Baba," akasema. "Ndiyo maana zile sekunde sikuzikata."

Nikamkumbatia mtoto wangu mbele ya chuo kizima. Nilimlowesha bega. Nampenda, na anaondoka, na sina mbinu yoyote juu ya hilo.


Jumatatu, tarehe 10 Juni

Binti kasafiri.

Aliniambia basi linaondoka saa mbili kamili asubuhi. Akarudia mara tatu, mama yake akiitikia kwa kichwa. Nikasema safari hii nitawaonyesha. Ila kabla ya kutoka nikapitia dukani kuchukua ile saa ya ukutani, nimpe aende nayo, na skrubu iliyoishika ukutani ikanizuia. Nilifika kituoni saa mbili na nusu, nikikimbia, saa kwapani, roho mkononi.

Basi lilikuwepo! Limesimama, abiria hata hawajapanda. Binti na mama yake wamekaa juu ya begi, hawana wasiwasi hata kidogo. Tukapata nusu saa nzima, sisi watatu. Alikula andazi langu. Aliniegemea. Akasema ile saa ataitundika mahali atakapoiona akiamka, na ataiacha ichelewe hivyo hivyo.

Basi likaondoka saa tatu juu ya alama. Nikachungulia tiketi yake akipanda, nayo imeandikwa saa tatu. Kampuni gani hii, haijui hata kuandika tiketi! Nilimwambia mke wangu uzembe wao wa saa nzima umetuokoa. Akaangalia pembeni, akasema ndiyo, tumshukuru Mungu.

Kwa ufupi, nimeanza kufika kwa wakati. Ni suala la nidhamu tu.

Nikitoka kituoni nilipanda kumsalimia mama mkwe, nikabeba ndoo. Kisha dukani. Wamekuja wawili wakifuatana. Mwenye ile saa ya ukutani kaulizia saa yake, na Shemeji kaulizia gitaa.

Nimewaambia waje kesho.